Umbo la Chembe Nalo Ni Dawa

Hotuba kwa wanafunzi wa famasia, kemia na uhandisi

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu mliopo hapa, wanafunzi, na ndugu wafamasia mliofunga maduka mapema ili mfike: nawashukuru kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie matone, yaani namna ya kutengeneza chembe za dawa kwa kukata kimiminika kuwa matone madogo yenye ukubwa sawa, na nitafika huko. Lakini niruhusuni nianze na dawa ambayo wengi wenu mnaijua, ritonavir. Iliingia sokoni mwaka 1996 kwa ajili ya watu wanaoishi na VVU, ikiwa ndani ya kapsuli. Mwaka 1998, huku kampuni ya Abbott ikiendelea kuizalisha kama kawaida, kapsuli zikaanza kufeli kipimo cha uyeyukaji. Molekuli ilikuwa ile ile, haikuongezwa atomu wala kupunguzwa. Kilichobadilika ni namna molekuli zilivyojipanga zilipokuwa zikiganda kuwa fuwele. Ulikuwa umezuka mpangilio mpya, imara kuliko ule wa awali, na kwa uimara wake huo ukawa mgumu kuyeyuka. Dawa isiyoyeyuka tumboni haifiki kwenye damu. Kapsuli zile ziliondolewa sokoni, na wagonjwa wakalazimika kutumia dawa ya maji yenye ladha mbaya mno mpaka ilipopatikana namna nyingine ya kuitengeneza.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kinabeba hoja yangu yote ya leo. Darasani tunakaa sana kwenye molekuli: inashika wapi, inazuia kimeng'enya gani, inatoka mwilini kwa njia ipi. Chembe yenyewe tunaipita haraka. Ukubwa wake, umbo lake, mpangilio wa fuwele zake, kama ina ganda au haina, kama ndani kuna chumba kimoja au viwili, hayo yote tunayaachia kiwanda. Mimi naamini, na nimekuja kuwashawishi muamini, kwamba chembe ni sehemu ya dawa sawa na molekuli, na kwamba leo tunayo njia ya kuiunda chembe hiyo kwa makusudi badala ya kupokea chochote kitakachotoka kwenye pipa la kukorogea.

Mfano wa karibu zaidi uko kwenye kliniki zetu. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, ile ya kuchoma kwenye msuli, ina miligramu 150 za medroxyprogesterone. Ukikiangalia kichupa chake baada ya kukaa rafuni, utaona unga mweupe umetuama chini na maji yako juu. Muuguzi anajua lazima akitikise vizuri kabla ya kuvuta dawa. Unga ule ni fuwele ndogondogo. Hazikuyeyushwa, na hilo ni kwa makusudi: zinakaa ndani ya msuli na kuyeyuka kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Uzazi wa mama yule kwa miezi mitatu ijayo unategemea kasi ya kuyeyuka kwa fuwele, na kasi hiyo inategemea ukubwa wa fuwele. Sasa niambieni kama chembe si dawa.

Njia nyingine ya kuifanya dawa itoke polepole ni kuifungia ndani ya polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo. Inayotumika sana inaitwa PLGA. Maji ya mwilini huivunjavunja taratibu mpaka ikawa asidi ya laktiki na asidi ya glaikoliki, vitu ambavyo mwili unajua kuvishughulikia. Ukichanganya sehemu mbili za polima hiyo nusu kwa nusu, chembe huisha kwa kadiri ya mwezi mmoja hadi miwili. Ukiongeza upande wa laktiki, hudumu zaidi. Mwaka 1989 Marekani iliidhinisha leuprolide ya saratani ya tezi dume katika chembe za aina hii, sindano moja kwa mwezi mahali pa sindano ya kila siku. Baadaye zikafuata risperidone kwa wagonjwa wa skizofrenia mwaka 2003 na naltrexone kwa watu wanaopambana na ulevi mwaka 2006. Kwa mgonjwa ambaye kumeza kidonge kila siku ni vita, hili ni jambo kubwa sana.

Lakini chembe hizo zimekuwa zikitengenezwaje? Unayeyusha polima pamoja na dawa katika kiyeyushi kama dikloromethani. Unamimina ndani ya maji yenye polivinili alkoholi kidogo, ambayo kazi yake ni kuzuia matone yasiungane. Kisha unakoroga kwa nguvu. Kiyeyushi hutoka, tone hukauka, na kinachobaki ni chembe ngumu ya polima yenye dawa ndani. Shida iko kwenye kukoroga. Karibu na pangaboi la mashine mkorogo ni mkali, kwenye kingo za pipa ni mpole, na kwa hiyo katika chombo kimoja unapata tone la mikromita 5 likiwa jirani na tone la mikromita 100 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita).

Mpishi wa maandazi analijua tatizo hili bila kufundishwa. Akikata vipande vingine vidogo na vingine vikubwa, akavitia kwenye karai moja, vidogo vitaungua huku vikubwa vikiwa bado vibichi katikati. Chembe ndogo humwaga dawa yake yote siku za mwanzo, pengine kufikia kiwango cha kumdhuru mgonjwa; kubwa huchelewa, na zile kubwa kupita kiasi huziba sindano. Muda wa dawa kusafiri kutoka katikati ya chembe hadi nje hukua kwa mraba wa nusu kipenyo: chembe ya mikromita 60 huhitaji mara 9 ya muda wa chembe ya mikromita 20. Na ujazo hukua kwa mchemraba: kipenyo kikizidi mara 10, dawa iliyomo huzidi mara 1,000. Kwa hiyo matone makubwa machache yanaweza kuwa yamebeba sehemu kubwa ya dawa yote. Viwanda huchekecha na kutupa zisizofaa. Kama dawa yenyewe ni ghali, hebu fikirieni kinachotupwa.

Niseme pia, kwa wale watakaokwenda kuifanyia kazi PLGA, kwamba hesabu hiyo ya mraba haitoshi. Polima inapovunjika hutoa asidi, na asidi ndiyo inayoharakisha kuvunjika. Katika chembe ndogo asidi hutoroka nje. Katika chembe kubwa hukwama ndani, na moyo wa chembe ukaanza kuoza kabla ya ganda. Kwa hiyo kubwa haimaanishi polepole siku zote. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutaka chembe zote ziwe na ukubwa mmoja: zikiwa mchanganyiko, kila moja inafuata ratiba yake, na wewe mtafiti unaona wastani usioeleza chochote.

Sasa tuje kwenye matone. Fungua bomba kidogo sana. Uzi wa maji utashuka ukiwa mzima kwa sentimita chache, halafu utakatika matone. Joseph Plateau wa Ubelgiji aliuchunguza mkatiko huu na kuuandika mwaka 1873, na Lord Rayleigh wa Uingereza akaupigia hesabu mwaka 1878. Sababu yake ni mvutano wa uso: kimiminika hutaka kuwa na eneo dogo la nje kadiri kinavyoweza, na matone ya duara yana eneo dogo kuliko uzi mrefu mwembamba wenye ujazo ule ule. Asili yenyewe inataka kukata matone. Tunachofanya sisi ni kuichagulia mahali pa kukata na wakati wa kukata.

Maikrofluidiki ni ufundi wa kuendesha vimiminika ndani ya mifereji yenye upana wa makumi hadi mamia ya mikromita. Unywele wa kichwani una kadiri ya mikromita 70, kwa hiyo mnapata picha. Katika mifereji hiyo mnato ndio unaotawala, na ile nguvu inayoufanya mto upige mawimbi na kuzunguka haina nafasi. Maji hayavurugiki. Mikondo miwili inaweza kwenda sambamba, ubavu kwa ubavu, bila kuchanganyika isipokuwa kwa molekuli kupenya taratibu mpakani. Kitu kisicho na vurugu kinaweza kurudiwa, na kitu kinachorudiwa kinaweza kusanifiwa.

Mwaka 2001 watafiti wa Caltech, chuo cha teknolojia cha California, wakiwemo Todd Thorsen, Stephen Quake na Frances Arnold aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2018 kwa kazi nyingine, walionyesha kwamba mifereji miwili ikikutana kwa umbo la herufi T, mmoja ukiwa na maji na mwingine mafuta, matone hukatika yenyewe kwa mpangilio. Mwaka 2003 Shelley Anna, Nathalie Bontoux na Howard Stone wakaonyesha mpangilio mwingine ambao mimi naupenda zaidi. Kimiminika cha ndani kinakuja katikati, cha nje kinakibana kutoka pande zote mbili, na vyote vinalazimishwa kupita kwenye tundu moja jembamba.

Ukiweka kifaa cha namna hii chini ya hadubini yenye kamera ya kasi, utaona ulimi wa kimiminika ukisogea kuelekea kwenye tundu. Unaingia, unaliziba kidogo, na shinikizo la kimiminika cha nje linapanda nyuma yake. Shingo inaanza kukonda. Inakonda, inakonda, mwisho inakatika, na tone linaondoka mbele huku ulimi ukirudi nyuma kidogo kujipanga upya. Halafu tena. Mara mia, mara elfu kwa sekunde, na kila tone ni lile lile. Ukipima vipenyo na kulinganisha tofauti zao na wastani, mara nyingi tofauti hiyo huwa chini ya asilimia 5. Ongeza mwendo wa kimiminika cha nje, matone yanakuwa madogo. Punguza, yanakua. Unakaa pale na mkono wako kwenye pampu ukichagua ukubwa wa dawa.

Na ukubwa wa tone si ukubwa wa chembe; hapa wanafunzi wengi hujikwaa. Kiyeyushi kikishatoka, tone husinyaa. Kama polima na dawa ni asilimia 5 ya ujazo wa tone, kipenyo cha mwisho ni mzizi wa tatu wa 0.05, yaani takriban 0.37 ya kipenyo cha mwanzo. Tone la mikromita 50 litakupa chembe ya mikromita 18 hivi, ikiwa haina matundu ndani. Ukipunguza polima hadi asilimia 1, tone lile lile litakupa chembe ya mikromita 11. Kwa hiyo una njia mbili za kufika kwenye ukubwa unaoutaka, kifaa na mapishi, na mapishi mara nyingi ndiyo rahisi kubadilisha. Ukubwa huo hauchaguliwi kwa kupenda. Dawa ya kuvuta kwa pumzi inataka chembe zenye tabia ya mikromita 1 hadi 5 hewani, la sivyo inaishia kooni au inatoka tena na pumzi. Ya kuchoma kwenye msuli inaweza kuwa ya makumi ya mikromita. Ya kuingizwa moja kwa moja kwenye mshipa haiwezi, kwa sababu mishipa ya damu iliyo myembamba kabisa ina upana wa mikromita 5 hadi 10 tu.

Mpaka hapa nimezungumzia chembe zenye ukubwa sawa. Kinachonivutia mimi hasa ni chembe zenye muundo wa ndani.

Mwaka 2005 kundi la David Weitz wa Harvard lilichapisha kifaa cha mirija ya kioo ambacho kila mmoja wenu anaweza kukielewa kwa kukitazama mara moja. Mrija wa mraba wenye upana wa ndani wa kama milimita 1. Ndani yake mirija miwili ya duara yenye kipenyo hicho hicho, mmoja kutoka kila upande, ncha zao zikiwa zimevutwa kwa moto zikawa nyembamba. Kwa kuwa mrija wa duara unagusa kuta nne za ule wa mraba, unakaa katikati wenyewe bila kuhangaika kuupanga. Kimiminika cha kwanza kinatoka kwenye ncha moja. Cha pili kinakuja nyuma yake kupitia zile pembe nne zilizobaki wazi. Cha tatu kinatoka upande wa pili na kuvibana vyote viwili viingie kwenye mrija wa mwisho. Matokeo yake ni tone ndani ya tone: kiini cha maji, ganda la mafuta au polima, na maji tena nje. Unaamua unene wa ganda. Unaamua hata idadi ya viini ndani ya ganda moja.

Kwa mfamasia, tone hilo la tabaka mbili linajibu maswali ya zamani. Dawa inayopenda maji, protini kwa mfano, kwa njia ya kukoroga hutoroka kabla polima haijakauka. Ndani ya kiini imefungiwa. Ganda likiwa nene inatoka taratibu. Likiwa la polima inayoyeyuka kwenye utumbo na si tumboni, inatoka pale unapotaka.

Halafu kuna chembe zenye pande mbili. Mwanafizikia Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes alizizungumzia katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1991, akiziita kwa jina la Janus, mungu wa Warumi mwenye nyuso mbili. Kwa maikrofluidiki zinatengenezwa kwa kutumia ile tabia niliyoieleza ya mikondo isiyochanganyika. Unapeleka mikondo miwili sambamba hadi kwenye tundu, tone linakatika likiwa na nusu hii na nusu ile, na unaligandisha haraka kwa mwanga wa urujuanimno kabla nusu hizo hazijaingiliana.

Mtauliza ni dawa gani inahitaji nyumba ya vyumba viwili. Nami nitawajibu kwa ugonjwa ambao hauhitaji utangulizi kwetu, kifua kikuu. Rifampicin na isoniazid hutolewa pamoja, na kwa sababu nzuri: mgonjwa anameza vidonge vichache, na vimelea havipati nafasi ya kuizoea dawa moja. Lakini katika asidi ya tumboni rifampicin huharibika, na isoniazid ikiwa karibu huharakisha uharibifu huo. Dawa mbili zinazosaidiana kwenye mapafu zinagombana tumboni. Watafiti wamejaribu njia nyingi za kuzitenganisha ndani ya kidonge kimoja. Chembe yenye kiini na ganda, au yenye vyumba viwili, inazitenganisha katika kiwango cha mikromita, moja ikitoka tumboni na nyingine ikisubiri utumbo. Na chembe ndogo, tofauti na kidonge, zinaweza kunyunyizwa kwenye uji wa mtoto. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kusambaza kitaifa dawa za kifua kikuu zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto, mwaka 2016, vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji vyenye ladha ya matunda. Kabla ya hapo wazazi walikuwa wakivunja vidonge vya watu wazima na kukisia kipimo. Kwa hiyo msiniambie kwamba umbo la dawa ni anasa ya nchi tajiri.

Narudi kwenye fuwele, kwa sababu niliwaacha na ritonavir njiani. Tone linaweza kuwa chumba cha kukuzia fuwele. David Turnbull alilitumia wazo hili mwaka 1952 kwa zebaki: aliigawa vipande vidogo sana, kila takataka inayoanzisha ugandaji ikabaki imefungwa kwenye tone lake peke yake, na matone mengine yote yakapoa chini sana ya kiwango cha kuganda yakiwa bado kimiminika. Kwenye pipa kubwa fuwele moja ikizaliwa vibaya inaambukiza pipa zima, na hicho ndicho kinachotisha katika kisa cha 1998. Kwenye matone, kila fuwele inazaliwa kivyake, nawe unaweza kuchagua kasi ya kukausha na hali ya uso wa tone ili umsukume mzaliwa huyo kuelekea mpangilio unaoutaka.

Kundi la Saif Khan katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore limefanya kazi nzuri sana hapa. Mwaka 2012 walionyesha matone ya maji yenye glisini, asidi amino ndogo, yote ya ukubwa mmoja, yakielea ndani ya mafuta. Yakipashwa moto, maji yanavukizwa na tone linazidi kuwa zito la glisini mpaka fuwele inaanza mahali pamoja na kusambaa, na tone linabaki na umbo lake la mviringo likiwa sasa mpira wa fuwele. Kwa nini mpira? Ulizeni mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye mashine ya kubana vidonge. Dawa nyingi huganda kama sindano au vijibamba. Unga wa sindano hautiririki, unashikana, unajaza kalibu moja sana na nyingine kidogo. Ndiyo maana kiwanda kinasaga, kinachanganya na gundi, kinafanya chengachenga, kinakausha, kinachekecha, ndipo kinabana. Yoshiaki Kawashima na wenzake wa Japani walionyesha tangu 1982, katika jarida la Science, kwamba fuwele za asidi ya salisili zinaweza kukusanywa ziwe mipira wakati wa kuganda kwenyewe, na hatua kadhaa zikaachwa. Matone yanaongeza jambo moja kwenye wazo hilo: mipira yote inakuwa sawa, na ukitia polima pamoja na dawa ndani ya tone, chembe inatoka ikiwa tayari na fuwele katikati na polima kuizunguka, yaani dawa na vazi lake kwa mara moja.

Tahadhari ndogo kabla sijaendelea. Mtasikia watu wakisema chanjo za mRNA za UVIKO-19 zilitengenezwa kwa matone ya maikrofluidiki. Sivyo. Zile chembe za mafuta zenye ukubwa wa kama nanomita 100 hutokana na kuchanganya ghafla pombe yenye mafuta na maji yenye mRNA, zikajikusanya zenyewe. Maabara nyingi hutumia mifereji midogo kwa uchanganyaji huo, lakini hakuna tone linalokatwa.

Sasa swali gumu: kiasi. Tufanye hesabu pamoja. Tone la mikromita 50 lina pikolita 65 (pikolita ni sehemu moja ya bilioni ya mililita). Kifaa kimoja kikikata matone 1,000 kwa sekunde, kwa saa nzima kitatoa mililita 0.24 hivi. Ikiwa kila mililita ina miligramu 50 za polima na dawa, hiyo ni miligramu 12 kwa saa. Usiku na mchana bila kusimama, hujafika theluthi ya gramu. Ukitaka kuhudumia hospitali moja tu, hutoboi.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa vibaba vinavyohitajika ni vingi mno kwa haba moja. Jibu limekuwa kuviweka vifaa vingi sambamba. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kundi la David Issadore na Daeyeon Lee, walichonga vikata-matone 10,260 kwenye kisahani kimoja cha silikoni cha inchi 4, wakatengeneza chembe za polima zenye tofauti ya ukubwa chini ya asilimia 5. Kwa hesabu yetu ya juu, vyote vikienda kwa mwendo ule, tunazungumzia zaidi ya gramu 100 kwa saa. Siri ya uhandisi wake ni kanuni ambayo fundi bomba wa nyumba ya ghorofa anaijua: njia kuu ya kusambaza iwe pana sana, na kila tawi liwe na ukinzani mkubwa kuliko njia kuu, ili tawi la kwanza lisimalize presha ya tawi la mwisho. Adui mkubwa anabaki kuwa vumbi. Punje moja ikiziba mfereji mmoja, jirani zake wanabadilika, na ukubwa wa chembe unaanza kuyumba bila wewe kujua. Chujeni kila kitu. Chujeni hata maji mliyokwisha kuyachuja.

Kuna pia swali la kinachobaki ndani ya chembe. Miongozo ya kimataifa inaruhusu dikloromethani isizidi sehemu 600 kwa milioni katika dawa, na hilo lazima lipimwe, halikisiwi. Zaidi ya hapo, kiyeyushi hiki huvimbisha mpira wa silikoni (PDMS, si silikoni ngumu ya kisahani kile) ambao maabara nyingi hutengenezea vifaa, na ndiyo sababu kazi nyingi za PLGA hufanyiwa kwenye kioo. Kabla ya kuchora kifaa, jiulizeni ukuta wa mfereji unapenda maji au mafuta. Kimiminika cha nje ndicho kinachotakiwa kuulowesha ukuta. Ukikosea hapo, tone litashikamana na ukuta na kifaa kizima kitageuka mfereji wa kawaida.

Nimemsikia mmoja wenu pale mlangoni akiuliza tuanzie wapi sisi tusio na chumba safi kisicho na vumbi wala mashine ya kuchonga silikoni. Anzeni na kioo, na anzeni bila viyeyushi vya sumu. Na hapa nina pendekezo mahususi. Pwani ya Zanzibar maelfu ya watu, wengi wao akina mama, wanalima mwani. Sehemu kubwa husafirishwa ukiwa mkavu na kwenda kusindikwa nje. Ndani yake kuna karajinani, na ninyi wanakemia mnaijua: ile inayotoka kwenye mwani wa cottonii hushikana kwa nguvu ikikutana na potasiamu, na ile ya spinosum hushikana kwa ulaini ikikutana na kalsiamu. Zote huyeyuka kwenye maji ya moto na kuganda zikipoa. Kimiminika chenu cha ndani kiwe karajinani ya moto, cha nje kiwe mafuta ya kula yenye lesithini kidogo ya kuzuia matone yasiungane. Kata matone yakiwa ya moto, yapoze kwenye mrija unaofuata, na mtapata vipira vya jeli.

Kazi ya kwanza iwe kupima. Pigeni picha mamia ya vipira, pimeni vipenyo, choreni mgawanyo wake. Halafu badilisheni mwendo wa mafuta tu, kingine chochote kisiguswe, na mrudie. Mkishaweza kutabiri ukubwa kabla ya kuwasha pampu, tieni rangi ya chakula ndani, wekeni vipira kwenye maji ya chumvi ya nyuzijoto 37, na mpime rangi inavyotoka saa baada ya saa. Mtaona kwamba jeli peke yake inavuja haraka mno kwa dawa ya molekuli ndogo, na hapo ndipo mtaanza kufikiria ganda: nene kiasi gani, la polima ipi, livunjwe na nini.

Nimekuja na kifaa kimoja cha mirija ya kioo, kiko kwenye meza hii ya mbele pamoja na hadubini. Baada ya chai tutakiwasha. Watakaotaka kukishika washike kwenye sahani ya chini, si kwenye mirija. Ncha zake hazionekani kwa macho na zinavunjika kwa kuguswa tu.

Asanteni sana.